Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya hewa na bahari: wimbi la kimbunga msilipime kwa upepo wa chanzo kimoja

Waheshimiwa, asalaam aleikum, na habari za kazi.

Nawaandikia nyie mnaoshika hali ya hewa, bandari, uvuvi na maafa, Tanzania kwanza maana ndo kwetu, na wenzenu wa Kenya, Komoro na Msumbiji pia maana bahari tunayoiongelea hapa ni moja. Mimi ni mtoto wa Kilwa Masoko, ukoo wetu ni wa bahari, mimi nikasomeshwa kwa hela ya samaki nikaishia kwenye kompyuta, kazi yangu ya kila siku ni data. Tangu kile kimbunga Hidaya cha 2024 jioni zangu nyingi nazimalizia kwenye modeli za mawimbi, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa mawimbi, najifunza, nakosea, narudia. Hiki ninachowaandikia nimekikalia muda mrefu na nimeona leo nikiseme.

Usiku wa Ijumaa tarehe 3 Mei 2024 baba mdogo alinipigia simu kutoka diko. Mimi nilikuwa Dar. Tahadhari zilikuwa zimeshatoka mapema, hilo nawashukuru kutoka moyoni, watu hawakuingia baharini, na kwa hilo tu kuna roho zilipona. Lakini baba mdogo alikuwa na swali lake moja, akaniuliza mara tatu: "Wanasema mawimbi makubwa, makubwa ya wapi? Ndani ya mwamba au nje? Yanaanza saa ngapi, maji yakiwa yamejaa au yamekupwa?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefungua ramani mbili za mawimbi zile za bure mtandaoni, na kwa pale pale nje ya Kilwa kila moja inasema lake. Nikamwambia baba mdogo, ingizeni mashua ndani kabisa, kule kwenye mikoko. Wakaziingiza usiku ule ule na taa za simu. Jirani yake mmoja hakuingiza boti yake ya faiba, na alikuwa na sababu, maana kila picha iliyokuwa inazunguka WhatsApp ilionyesha ule mstari wa kimbunga unaenda Mafia, na Mafia kwenda Kilwa ni zaidi ya kilomita 100, akasema sisi hatumo. Asubuhi ile boti ilikutwa juu ya mawe, ubavu mmoja umefunguka kama dafu, injini haipo.

Sasa yule jirani alikosea wapi? Alikosea kwa kitu ambacho hakuna aliyemwambia. Huku kwetu kusini ya ikweta kimbunga kinazunguka kwa kufuata mshale wa saa. Kikiwa kinatoka baharini kuja magharibi, upande wake wa kaskazini upepo unatoka bara kwenda baharini, na upande wake wa kusini upepo unatoka baharini unakuja nchi kavu, alafu juu yake unajumlishwa na mwendo wa kimbunga chenyewe. Kwa hiyo jicho, ile katikati ya kimbunga, likiingia Mafia, anayepigwa na bahari usoni ni aliye kusini ya jicho, yaani Kilwa, yaani Lindi. Ule mstari kwenye ramani ni njia ya jicho tu, wimbi lina ramani yake nyingine kabisa, na hiyo ramani ya wimbi ndo haikutufikia.

Na hapa ndo naingia kwenye jambo lenyewe. Modeli ya mawimbi, iwe WAVEWATCH III, iwe SWAN, haijui kimbunga ni nini. Inajua upepo tu. Unailisha upepo, kina cha bahari na ufukwe, inakurudishia kimo cha wimbi, muda kati ya wimbi na wimbi, na uelekeo. Ukiilisha upepo mbovu itakupa wimbi bovu lililochorwa vizuri kwa rangi nzuri, na ukiangalia zile rangi huwezi kujua. Kwenye bahari ambayo upepo umeipiga mpaka ikashiba, kimo cha wimbi kinafuata mraba wa kasi ya upepo, maana yake upepo ukipunjwa asilimia 20, wimbi linapunjwa asilimia 36. Kimbunga hakikai mahali pamoja mpaka bahari ishibe hivo, kwa hiyo kosa halifiki hapo lote, ila liko pale pale na siku zote linaelekea upande mbaya, wimbi linaonekana dogo kuliko lilivyo.

Upepo wenyewe sasa tunautoa wapi? Wapo wanaotumia ERA5, ile kumbukumbu ya hewa ya dunia nzima inayotengenezwa na kituo cha Ulaya cha ECMWF, inaanzia 1940, kila saa ina rekodi, ni kazi kubwa ya watu na mimi naitumia kila siku. Lakini gridi yake ni kama kilomita 31 toka nukta moja hadi nyingine. Vimbunga vingi vinavyofika huku kwetu ni vidogo kwa umbo, ule ukuta wa jicho penye upepo mkali kabisa unaweza kuwa kilomita 20 au 30 tu toka katikati, sasa mwambie mtu avue dagaa kwa wavu wa papa. Kimbunga chote kinapita kati ya nukta na nukta, kilele cha upepo kinasawazishwa, na kwenye kompyuta kinaonekana kama mvua ya kawaida yenye hasira kidogo. Alafu ERA5 inakuja siku kama 5 baada ya tukio, kwa hiyo kwa utabiri wa kesho haikusaidii, hapo inabidi utumie modeli za utabiri za dunia, za Ulaya au za Marekani, ambazo nazo mara nyingi zinalainisha kile kilele.

Wengine wanaruka upande wa pili, wanatumia fomula. Ile maarufu ni ya Holland ya mwaka 1980, unaipa mgandamizo wa hewa pale katikati ya jicho, mgandamizo wa nje, umbali wa upepo mkali toka katikati, na namba moja ya umbo, yenyewe inakuchorea upepo mzima wa kimbunga, kilele kikiwa kikali inavyotakiwa. Karibu na jicho inafaa sana. Lakini ukitoka nje kidogo fomula haijui kitu. Haijui kwamba ni mwezi wa tano na kusi imeshaingia. Ukiilisha modeli yako hiyo fomula peke yake, bahari ya Mtwara inatulia kama maji ya kwenye sinia, wakati mvuvi yeyote wa Msimbati atakuambia siku hiyo kusi ilikuwa inavuma. Na fomula kwa asili yake inachora duara lililo sawa pande zote, mpaka wewe mwenyewe uongeze mwendo wa kimbunga ndo upande wa kushoto wa njia yake uzidi ule wa kulia, yaani kile kile kilichomponza jirani wa baba mdogo.

Kwa hiyo dawa ni kuchanganya. Si ugunduzi wangu, watu wa bahari duniani wanafanya hivo miaka mingi. Karibu na jicho, tuseme mpaka mara mbili au tatu ya ule umbali wa upepo mkali, tumia fomula. Mbali kabisa tumia modeli ya dunia, maana kusi inaijua. Katikati ya hapo vipe vyote viwili uzito, kimoja kinapungua kidogo kidogo kingine kinapanda, mpaka isionekane kiraka. Kwa maneno ni rahisi, kwenye kazi yenyewe kuna mitego, na mitego hiyo ndo nataka muijue maana hapo ndo inahitajika bajeti na watu, haitoshi mtu mmoja na laptop usiku.

Mtego wa kwanza: modeli ya dunia nayo ina kile kimbunga, hafifu, na mara nyingi kimekaa pembeni na pale kilipo kweli. Ukibandika cha fomula mahali sahihi bila kuondoa kile cha modeli, unapata vimbunga viwili vinavyopishana, na modeli ya mawimbi inavisukumia bahari vyote. Mimi ilinitokea. Nilikaa siku nne natafuta wimbi la ajabu kaskazini ya Mafia lilikotoka, kumbe nilikuwa nimezaa pacha. Lazima kwanza ukivute kile cha modeli kikae mahali pake au ukifute, ndo ubandike.

Mtego wa pili ni wa dakika. Kituo cha kikanda kinachosimamia vimbunga vya kusini magharibi ya Bahari ya Hindi kiko kisiwa cha Réunion, cha Météo-France, mamlaka ya hewa ya Ufaransa, na kasi ya upepo wanaitoa kwa wastani wa dakika 10. Wamarekani wa JTWC, kituo chao cha kufuatilia vimbunga, wanatoa kwa wastani wa dakika 1. Kimbunga Kenneth, kile kilichopita kaskazini ya Ngazija tarehe 24 Aprili 2019 na kesho yake kikaingia Cabo Delgado kule Msumbiji, Réunion walikipa kilele cha kilomita 215 kwa saa, Wamarekani 230. Mtu asiyejua atasema hawa wamegombana. Hamna ugomvi, ukizidisha 230 kwa 0.93, ambayo ndo namba inayotumika baharini kutoa dakika 1 kwenda 10, unapata 214. Ni upepo ule ule. Lakini mtu akichukua namba ya huku akaichanganya na ya kule bila kuzigeuza, ameshaharibu wimbi kabla hata kompyuta haijawaka.

Mtego wa tatu, na huu unaniuma zaidi, ni kwamba bahari yetu haina macho. Marekani kimbunga kikikaribia wanarusha ndege inaingia ndani ya jicho, inadondosha vipimo, wanajua mgandamizo na kasi. Huku kwetu hamna ndege hizo za kila kimbunga, nguvu ya kimbunga inakisiwa kwa kusoma umbo la mawingu kwenye picha ya setilaiti, njia aliyoianzisha Dvorak miaka ya 1970. Ni watu wazoefu wanaoifanya, ila makisio ni makisio. Ndo maana setilaiti nyingine zinahitajika ndani ya mchanganyiko. Kuna skaterometa ya ASCAT inayosoma upepo juu ya maji, nzuri kwa upepo wa wastani lakini ukizidi sana inaanza kuusoma mdogo, na inapita kwa zamu, inaacha pengo katikati. Kuna rada ya Sentinel-1 inayoweza kuona mpaka ukuta wa jicho ikibahatika kupita. Kuna SMAP na SMOS, zilitengenezwa kupima unyevu wa udongo na chumvi ya bahari, ikaonekana upepo wa kimbunga wanausoma vizuri mvua ikiwa inanyesha. Na kuna altimita, Jason-3 na Sentinel-6, zinazopima kimo cha wimbi lenyewe, ingawa kwa mstari mwembamba tu chini ya njia yao. Hakuna hata moja inayotosha peke yake. Zikikaa pamoja, na taarifa ya Réunion ya kila saa 6 yenye mapana ya upepo kwa kila robo ya kimbunga, picha inaanza kueleweka.

Niseme na la mawimbi yanayotangulia, maana wazee wetu walilijua kabla ya setilaiti. Wimbi lenye sekunde 12 kati ya kilele na kilele, nguvu yake inasafiri kwenye maji marefu kama kilomita 34 kwa saa. Kimbunga chenyewe mara nyingi kinatembea 15 hivi. Ndani ya siku moja wimbi limekwenda kilomita 800, kimbunga kimeenda 360. Kwa hiyo bahari inaleta habari kabla ya upepo, jua linawaka, hakuna hata jani linalotikisika, lakini nje ya mwamba maji yanapanda taratibu na kushuka taratibu, yanavunjika mazito na kwa nafasi. Bibi yangu alikuwa akiona hivo anakataza watu kwenda kupweza. Sasa modeli iliyolishwa upepo hafifu pale kwenye jicho haiyaoni haya mawimbi kabisa, maana ni yale ya kwenye jicho ndo marefu na ya haraka. Yaani kile tunachokihitaji mapema kuliko vyote ndo cha kwanza kupotea chanzo cha upepo kikiwa kimoja.

Alafu maji. Hidaya ilifika tarehe 4 Mei 2024, kwa hesabu yetu Mfungo Mosi mwezi 25, maji mafu. Mwezi mpya ulikuwa tarehe 8. Pwani yetu kwenye bamvua, siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yanapanda na kushuka mita 3 mpaka 4, kwenye maji mafu ni kidogo sana. Kenneth nayo 2019 ilikuja bamvua ya mwezi mpevu wa tarehe 19 Aprili ikiwa imeshapita, mwezi unaingia robo ya mwisho. Mara mbili tumekutwa na maji mafu. Wimbi linapofika kwenye mwamba linavunjika kwa kadiri ya kina cha maji kilichopo juu ya mwamba, maji yakiwa machache linavunjikia nje, maji yakijaa linapita juu linakuja mpaka kwenye nyumba. Hidaya ingechelewa siku 4 au 5 tu, ikaingia bamvua saa ya maji kujaa, tungekuwa tunaongea mengine. Hesabu ya wimbi bila hesabu ya maji kwenye pwani ya miamba kama ya kwetu haijakamilika, na jedwali la maji mnalo, lipo siku zote.

Najua kuna watakaosema vimbunga huku ni vya nadra. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikazamisha merikebu za Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu, Pemba ikapona zaidi na ndo tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba. Tarehe 15 Aprili 1952 kikapiga Lindi. 2019 Kenneth ikapita jirani kabisa na Mtwara, 2021 Jobo ikatutisha ikadhoofika kabla ya kufika, 2024 Hidaya, na wiki chache tu baadaye Ialy ikapanda kuelekea usawa wa Kenya na Somalia. Hiyo ya Jobo naitaja kwa sababu ilituachia ugonjwa, watu wengi diko walisema "si mnaona, hakuna kitu", na 2024 wapo walioamua kwa kumbukumbu hiyo. Mvuvi akiambiwa neno moja la jumla mara mbili na mara moja lisitokee, anaacha kulisikiliza. Akiambiwa "nje ya mwamba wa Songosongo kuanzia saa 4 usiku, mita kadhaa, ndani ya mkono wa bahari chini ya mita moja", hata ikikosea kidogo atakuwa na kitu cha kupima na kuamini au kurekebisha.

Ninachoomba basi. Kila kimbunga kinapozaliwa upande wetu, pawe na upepo mmoja uliochanganywa, Tanzania, Kenya, Komoro na Msumbiji mkae meza moja muutengeneze, ulishwe kwenye modeli ya mawimbi yenye gridi ndogo ya pwani, yenye miamba na milango ya bahari yetu kama ilivyo, na huo upepo uwekwe wazi watu wengine waupakue, vyuo, bandari, hata mtu kama mimi. Wekeni maboya ya kupima mawimbi. Hata matatu tu, moja nje ya Mtwara, moja mashariki ya Mafia, moja upande wa Pemba, na Kenya waweke lao kuelekea Lamu, maana bila kipimo cha kwetu hatutajua mchanganyiko wetu unadanganya wapi, tutabaki kusahihisha modeli kwa modeli. Na boya bila walinzi linaibiwa taa na betri, kwa hiyo muwakabidhi BMU za pale, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia pwani, wawe wenyewe, mwalipe, wawe wanalisoma.

Na kabla hamjajenga gati lingine au ukuta mwingine wa bahari, rudieni vimbunga vya zamani kwa njia hii. 1952 ipo ndani ya ERA5 lakini zama hizo hapakuwa na setilaiti, kimbunga kile humo ndani hakiwezi kuwa na nguvu yake kamili, ukimjengea mtu gati kwa wimbi hilo umemjengea kwa wimbi la kupunjwa. Chukueni njia yake, chukueni mgandamizo uliorekodiwa, pitisheni fomula pale katikati, nje acheni ERA5, muone Lindi ilipigwa na nini. Kazi hiyo kijana mmoja wa chuo anaimaliza kwa muhula, akipewa kompyuta na mtu wa kumuuliza.

Baba mdogo ana daftari la shule, lile la mistari lenye gamba la bluu, anaandika tangu 2009: tarehe ya mwezi, upepo, na wimbi kwa kipimo chake mwenyewe, "limefika kiunoni mwa mnara", "limevuka jiwe la Mzee", "mashua haikutoka". Kuna siku zaidi ya 200 za mashua haikutoka. Nimeanza kuzipanga kwenye jedwali nikizilinganisha na upepo uliochanganywa, na siku nyingi zinakaa. Nikimaliza nitalileta lote, daftari na jedwali, ofisi yoyote kati yenu itakayoniambia niingilie mlango gani.

Wenu katika ujenzi wa pwani,
mtoto wa Kilwa Masoko